Kofia, fulana na dakika kumi: Nini hasa humlinda askari wetu vitani?

Malori ya kwanza ya kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) yalipoanza kuondoka mashariki mwa Kongo mwishoni mwa Aprili 2025, safari yake ilipangiwa kuishia Chato. Yangetoka Goma, yakatize Rwanda na kuingia Tanzania. Wilayani humo askari na vifaa vyao vingekusanywa kabla ya kila nchi kuchukua vyake, watu wakipanda ndege na mizigo mizito ikielekea melini. Kwa muda huo Chato, wilaya ambayo wengi huijua kwa samaki wa Ziwa Victoria, pamba na kaburi la Rais John Magufuli, ikawa mlango wa kutokea vitani.

Ukiacha magari ya deraya na makontena, katika msafara wa namna hiyo kuna vitu viwili ambavyo kila askari huvaa mwenyewe: kofia ngumu na fulana ya kuzuia risasi. Havikosekani katika picha za askari walio kazini Kongo. Mzazi aliyebaki Bwanga au Buseresere, huko Chato, akiiona picha ya mwanawe amevivaa hupata faraja, maana kijana amefunikwa.

Lakini amefunikwa kiasi gani? Kwa ufupi, kifua na mgongo vimekingwa vizuri na fuvu limekingwa kwa kiasi, ila shingo, kwapa, nyonga, mikono na miguu vimeachwa karibu vitupu. Jibu refu linatupeleka Kibati, Semuliki na Kididiwe, mahali ambako Watanzania wamejeruhiwa na wengine kufa wakiwa na sare ya jeshi lao.

Risasi ya bastola si ya bunduki

Watu wengi hudhani fulana ya kuzuia risasi huzuia risasi zote. Kumbe fulana hizo zina madaraja. Ile laini, inayoweza kuvaliwa hata ndani ya shati, imetengenezwa kwa tabaka nyingi za nyuzi za aramidi, maarufu kwa jina la kibiashara la Kevlar. Nyuzi hizo ziligunduliwa mwaka 1965 na mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Risasi ikigonga, nyuzi huvutika na kuusambaza mshindo wake katika eneo pana mpaka nguvu yake iishe.

Kinga hiyo inatosha kwa bastola. Risasi ya bastola ya milimita 9 huwa na nguvu ya jouli 500 hivi inapotoka mtutuni. Risasi ya AK-47, silaha ambayo imejaa katika misitu ya Kivu, huruka kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde na kubeba jouli zipatazo 2,000, yaani mara nne ya ile ya bastola. Tena ncha yake ni nyembamba. Mbele ya bunduki hiyo, fulana laini peke yake haifui dafu.

Ndiyo maana askari wa mstari wa mbele huongezewa mabamba magumu, moja kifuani na jingine mgongoni. Bamba la kisasa huwa la kauri, ila si kauri ya vikombe. Ni madini yaliyochomwa yakawa magumu kuliko chuma cha risasi, na nyuma yake kumebandikwa tabaka la nyuzi au polithini ngumu. Risasi ikifika, kauri huivunja ncha na kuisagasaga, kisha tabaka la nyuma hudaka vipande. Bamba nalo hupasuka pale lilipopigwa, kwa hiyo halihesabiwi tena kuwa kinga kamili. Bamba la daraja la juu kabisa katika viwango vya Marekani hupimwa kwa risasi iliyotengenezwa mahsusi kutoboa chuma.

Hata risasi iliyozuiwa huacha alama. Bamba au fulana hubonyea kuelekea mwilini, na kiwango cha Marekani huruhusu mbonyeo usiozidi milimita 44 katika udongo wa majaribio. Askari anaweza kuvunjika mbavu au kuvia damu kifuani, lakini atakuwa hai.

Kofia haikutengenezwa kwa ajili ya risasi

Habari ya kofia ni tofauti kidogo. Mwaka 1914 majeshi ya Ulaya yaliingia katika Vita Kuu ya Kwanza yakiwa na kofia za nguo na ngozi. Mizinga ilipoanza kunyesha vipande vya chuma juu ya mahandaki, vichwa vikapasuka kwa maelfu. Inasimuliwa kwamba afisa wa Ufaransa, August-Louis Adrian, alikutana na majeruhi aliyepona kwa sababu alikuwa ameficha bakuli la chuma chini ya kofia yake. Mwaka 1915 Ufaransa ilianza kugawa kofia za chuma za Adrian, Uingereza ikaja na ya John Brodie, na mwaka uliofuata Wajerumani wakawa na yao. Wakati Ulaya ikivaa chuma, askari Waafrika waliokuwa wakipigana katika ardhi yetu, wa Schutztruppe kwa upande wa Wajerumani na wa King's African Rifles (KAR) kwa upande wa Waingereza, walibaki na tarbushi na kofia za kitambaa.

Tangu mwanzo, basi, adui wa kofia ya vita alikuwa kipande cha bomu. Hilo halijabadilika sana. Kofia za nyuzi za aramidi, ambazo Marekani ilianza kuzieneza jeshini katika miaka ya 1980, hupimwa kwa vipande vidogo vya chuma vinavyoruka kwa kasi ya mita 600 hivi kwa sekunde, na nyingi huzuia pia risasi ya bastola. Risasi ya bunduki iliyopigwa moja kwa moja kutoka karibu kwa kawaida huzipenya. Zipo kofia mpya za polithini zinazoweza kuzuia baadhi ya risasi za bunduki, lakini zina gharama na ni nchi chache zinazozigawa kwa kila askari.

Kofia pia ina adui mwingine asiyeonekana. Bomu likilipuka karibu, wimbi la mshindo huutikisa ubongo ndani ya fuvu hata kama kofia haikuguswa. Askari huinuka mzima kwa macho ya wenzake, kisha huanza kusahau, kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Vita vya Iraki na Afghanistani viliwafundisha madaktari kwamba jeraha hilo ni la kweli, na kwamba kofia hulipunguza kidogo tu.

Kibati, Semuliki, Sake

Tuje nyumbani. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati ndani ya MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani Kongo, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Agosti 28 mwaka huo, katika vilima vya Kibati kaskazini mwa Goma, Meja Khatibu Shaaban Mshindo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) aliuawa na wenzake kadhaa wakajeruhiwa katika mapambano na waasi wa M23. Kilichowapata kilikuwa makombora.

Aprili 2024, SADC ilipokuwa imerudi Kongo kwa jina la SAMIDRC, askari watatu wa Tanzania waliuawa na wengine watatu kujeruhiwa baada ya bomu la mota kuanguka karibu na kambi yao. Januari 2025, M23 ilipokuwa ikiisogelea Sake na kuiteka Goma, JWTZ ilipoteza askari wawili zaidi. Afrika Kusini ilipoteza 14.

Mota ni silaha inayoumbua fulana. Bomu lake huanguka kutoka juu, hulipuka na kurusha vipande pande zote kwa wakati mmoja. Bamba la kifuani halina la kufanya kwa kipande kinachoingilia kwapani, shingoni au pajani. Likiangukia hema la mtu aliyelala, kofia iko chini ya kitanda. Kinga ya kweli dhidi ya mota ni handaki lenye paa la magogo na viroba vya mchanga, pamoja na rada au mpelelezi wa kujua bomu linatupwa kutoka wapi.

Usiku wa Desemba 7, 2017 ndio mchungu kuliko yote. Washambuliaji wanaoaminika kuwa wa kundi la waasi la ADF waliivamia kambi ya Watanzania ya Semuliki, katika wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini. Walinda amani 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliliita shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Amiri Jeshi Mkuu aliyepokea taarifa hiyo alikuwa Magufuli, mtoto wa Chato.

Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov haukueleza msiba huo kwa ubovu wa kofia wala fulana. Ulitaja mapungufu katika mafunzo, uongozi na amri, uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, na kwamba MONUSCO haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuiongezea nguvu kambi hiyo au kuwatoa waliokuwamo. Kwa lugha ya kawaida, watu waliachwa wapigane peke yao mahali pabaya kwa muda mrefu mno.

Pasipofunikwa

Kwa nini basi askari asifunikwe mwili mzima? Swali hilo waliwahi kuulizwa wakuu wa jeshi la Marekani. Wataalamu wa uchunguzi wa maiti walipitia vifo vya askari wa majini waliopigwa kiwiliwili Iraki kati ya 2003 na 2005. Kati ya majeraha 93 ya kuua, 74 yalikuwa mabegani, ubavuni au katika sehemu nyingine za kiwiliwili ambazo mabamba hayakufika. Habari hizo zilipovuja mwanzoni mwa 2006, wazazi walikuja juu, na mabamba ya ubavuni yakaharakishwa kupelekwa vitani.

Lakini kila bamba lina uzito. Fulana yenye mabamba mawili hufika kilo saba hadi kumi. Ongeza kofia ya kilo moja na nusu, bunduki ya kilo nne, magazini, maji, redio na chakula, na askari anabeba mzigo wa kumchosha punda. Ukimvika mabamba ya ubavu, mabega, shingo na mapaja, hataweza kuruka mtaro, kulala chini haraka wala kumburuta mwenzake. Askari asiyeweza kukimbia ni shabaha nzuri hata akiwa ndani ya kauri tupu.

Kuna joto pia. Msitu wa Beni una unyevu wa kutosha kumlowesha mtu aliyekaa kitako. Fulana huziba jasho lisikauke, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndipo unapoona askari wanalegeza mikanda, wanachomoa bamba la mgongoni au wananing'iniza kofia kiunoni. Wakuu wa vikosi huliona hilo kuwa utovu wa nidhamu, na kweli ni kosa. Lakini kofia isiyovalika katika joto la mahali inapotumika nayo ina kasoro yake.

Vifaa hivyo huzeeka pia. Watengenezaji wengi hudhamini fulana laini kwa miaka mitano hivi, kwa sababu jua, unyevu na kukunjwakunjwa hudhoofisha nyuzi. Marekani ilijifunza kwa damu: mwaka 2003 risasi ilipenya fulana ya polisi iliyotengenezwa kwa nyuzi za Zylon, na uchunguzi ulipoonyesha kwamba nyuzi hizo huoza kwa unyevu, mwaka 2005 fulana za aina hiyo ziliondolewa katika orodha ya zinazokubalika. Bamba la kauri nalo likidondoshwa kutoka kwenye lori linaweza kupata ufa usioonekana kwa macho, hivyo majeshi yenye uwezo huyapiga mabamba yake picha za eksirei. Fulana iliyokaa miaka ghalani, ikapigwa jua la Goma na mvua za Beni, si ile iliyotoka kiwandani, hata kama kwa nje inang'aa.

Kinga na imani

Askari wa Tanzania walipoingia Kivu, walikuta huko wapiganaji wa Mai-Mai ambao huamini kwamba maji na dawa hugeuza risasi. Imani hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyowapa watu wa kusini ujasiri wa kuwakabili Wajerumani, na bunduki za rashasha huko Mahenge zikawajibu. Huku kwetu Usukumani, Sungusungu ya miaka ya 1980 ilibeba pinde na mishale, na dawa za kinga zilikuwa sehemu ya nguvu yake.

Ni rahisi kucheka. Lakini fulana ya kisasa nayo huweza kuaminiwa kupita kipimo. Mwanasiasa anayepiga picha na shehena ya fulana mpya, mzazi anayetulia baada ya kuiona kofia, askari kijana anayesimama wima pasipofaa kwa sababu ana kauri kifuani, wote wanakaribia kosa lilelile. Tofauti ni kwamba kauri inapimika. Inajulikana itazuia nini, kwa umbali gani na mara ngapi. Anayeivaa ana haki ya kuambiwa vipimo hivyo kwa lugha anayoielewa.

Dakika kumi

Takwimu moja kutoka Marekani inafaa kukaa vichwani mwetu. Katika Vita Kuu ya Pili, kati ya wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa vitani, takriban asilimia 30 walikufa. Katika vita vya Iraki na Afghanistani, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia kumi hivi. Fulana na kofia zilichangia, lakini hazikuwa peke yake. Kulikuwa na mkanda wa kukaza wa kuzuia damu katika mfuko wa kila askari, na helikopta, na madaktari wa upasuaji waliosogezwa karibu na mapigano.

Hapo ndipo kazi ya fulana inapoeleweka vizuri. Humkinga askari asife papo hapo kwa pigo la moyoni au mapafuni. Kinachobaki mara nyingi ni jeraha la mguu au mkono, na mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kumaliza damu kwa dakika chache. Umoja wa Mataifa una kanuni yake ya kuwahudumia majeruhi: damu izuiwe ndani ya dakika 10, huduma ya dharura ya kitaalamu ipatikane ndani ya saa moja, upasuaji ndani ya saa mbili. Fulana humpa askari hizo dakika 10, na wenzake ndio wa kuzitumia.

Kanuni hiyo ilipata sura ya mtu Novemba 2018, huko Kididiwe karibu na Beni. Walinda amani wa Tanzania na Malawi walikuwa wanaishambulia ngome ya ADF walipomiminiwa risasi nzito. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, hawezi kujisogeza, yuko wazi mbele ya adui. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimfuata, akamburuta hadi penye kificho na kuanza kumhudumia. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa, akafa. Omary alipona. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia Chitete nishani ya ushujaa ya Kapteni Mbaye Diagne. Askari kadhaa wa Malawi na mmoja wa Tanzania walikufa katika operesheni hiyo.

Matimba kwanza, kofia baadaye

Watu wa ukanda wa dhahabu wa Geita hawahitaji kufundishwa somo hili upya. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anajua kofia yake ya plastiki itamkinga na jiwe la ukubwa wa ngumi linalodondoka ndani ya duara, yaani shimo la mgodi. Anajua pia kwamba mwamba ukikatika, kofia haisaidii kitu. Kitakachomwokoa ni matimba, yaani magogo ya kushikilia mwamba, yaliyosimamishwa vizuri, kamba isiyochakaa, pampu ya hewa, na wenzake walio juu wanaojua yuko kina gani. Mmiliki wa duara anayegawa kofia mpya huku akibania fedha za matimba hadanganyi mtu hapo mgodini.

Vitani mpangilio ni huohuo. Kwanza usipigwe: taarifa za kijasusi, mahandaki, kambi isiyowekwa mahali pa kuzingirwa kirahisi. Ukipigwa, pigo lisipenye: hapo ndipo zamu ya kofia na fulana. Likipenya, usife: mwenzako aliyefunzwa, helikopta, daktari. Fulana iko katikati ya mnyororo, na Semuliki palionyesha kinachotokea pete za mwanzo na mwisho zikikosekana.

Katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, nchi inayopeleka askari ndiyo huwavika, kisha umoja huo huirudishia gharama kwa kiwango cha kila askari kwa mwezi. Maana yake ubora wa kofia na fulana ya kijana wa Chato huamuliwa Dodoma na Dar es Salaam kabla hajavuka mpaka. Siri za kijeshi zina heshima yake, lakini yapo maswali ambayo kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi inaweza kuyauliza bila kumnufaisha adui. Mabamba yana umri gani, na mara ya mwisho yalikaguliwa lini? Je, kila askari ana mkanda wa kuzuia damu, na amefunzwa kuutumia gizani kwa mkono mmoja? Kambi ikizingirwa usiku, nani atakuja, kwa chombo gani, na baada ya saa ngapi?

Wahenga walisema ajali haina kinga. Vita vina kinga, ila kinga yake ni mnyororo, na serikali inayotaka kupongezwa kwa fulana mpya ijibu kwanza hilo swali la mwisho.